Mapengo Yaliyofundisha Kinga

Mtu mwenye afya ni shahidi asiyefaa wa kinga yake mwenyewe. Ndani yake chembe nyeupe za damu na kingamwili hufanya kazi kwa wakati mmoja dhidi ya adui mmoja, na akishapona nimonia au surua hakuna awezaye kusema ni zipi kati ya hizo zilizomponya. Kwa sababu hiyo ubishi uliowagawa wanasayansi wa Ulaya tangu miaka ya 1880, kuhusu iwapo mwili hulindwa na chembe au na majimaji ya damu, ulidumu zaidi ya nusu karne bila mshindi. Hoja yangu katika historia hii ni kwamba waliousuluhisha ni watoto waliozaliwa na pengo katika kinga yao. Kila pengo lilionyesha kazi ya kiungo kilichokosekana, na kila mara madaktari walipodhani wamepata jibu, alifika mtoto mwingine mwenye pengo la namna nyingine akalivuruga. Darubini, kuku na panya wa maabara walikuwa na sehemu yao kubwa, na nitawapa haki yao, lakini mara nyingi waliitwa kujibu swali ambalo mgonjwa alikuwa ameshaliuliza.

Upande wa chembe ulianzia ufukweni. Mwishoni mwa 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sicily, Élie Metchnikoff, mtaalamu wa wanyama kutoka himaya ya Urusi, alichoma miiba midogo katika viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao hupitisha mwanga kiasi kwamba mtu huona yanayotendeka ndani bila kupasua chochote. Kesho yake asubuhi aliikuta miiba imezingirwa na chembe zinazotembea. Akahitimisha kwamba ulinzi wa mwili ni kumeza: chembe humfuata mgeni, humzunguka, humla. Upande wa pili ulijitokeza Berlin mwaka 1890, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walipoonyesha kwamba seramu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda humkinga mnyama mwingine asiyewahi kuijua sumu hiyo. Seramu ni majimaji yanayobaki damu ikishaganda. Haina chembe hata moja. Punde seramu ya dondakoo ikaanza kuwaokoa watoto waliokuwa wakikabwa na ugonjwa huo, na mwaka 1901 Behring akapewa Tuzo ya kwanza ya Nobel ya tiba. Mwaka 1908 tuzo hiyo ilikwenda kwa Metchnikoff na Paul Ehrlich kwa pamoja, mmoja wa chembe na mmoja wa seramu, lakini kugawana tuzo hakukuisuluhisha hoja. Huko London Almroth Wright alikuwa ameshapendekeza mwafaka tangu 1903, kwamba seramu huviandaa vimelea ili chembe ziweze kuvimeza. Mwafaka huo ulikuwa wa kweli kuliko wengi walivyokubali wakati ule. Hata hivyo kwa miaka mingi iliyofuata seramu ndiyo iliyotawala, kwa sababu ilipimika: ungeweza kuichanganya na maji mara kumi, mara mia, mara elfu, ukaandika ni wapi nguvu yake inakoma. Chembe hazikuwa na kipimo kama hicho.

Vitu vitatu vililazimika kuwapo kabla ya mapengo kuonekana. Cha kwanza kilikuwa chombo cha Arne Tiselius wa Uppsala, ambacho hutenganisha protini za seramu kwa nguvu ya umeme. Mwaka 1939 yeye na Elvin Kabat walionyesha kwamba kingamwili hukaa katika fungu lililoitwa gamaglobulini. Cha pili kilikuwa kazi ya Edwin Cohn na wenzake wa Harvard wakati wa Vita Kuu ya Pili, waliogundua namna ya kutenga mafungu ya plazma kwa wingi, hata gamaglobulini ikapatikana katika chupa na ikatumika kuzuia surua. Cha tatu, ambacho naona hakipewi uzito wake, kilikuwa penisilini. Kabla yake, mtoto asiyekuwa na kingamwili alikufa kwa nimonia yake ya kwanza au ya pili, akazikwa pamoja na watoto wengi wenye kinga kamili waliouawa na nimonia hiyohiyo. Ili daktari aone kwamba mtoto huyu anaugua tena na tena kuliko kawaida, ilibidi mtoto huyo apone tena na tena.

Mtoto aliyepona mara nyingi kiasi hicho alikuwa mvulana wa miaka minane aliyeangaliwa na Kanali Ogden Bruton katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington. Kwa takriban miaka minne bakteria walikuwa wakiingia katika damu yake, na mara nyingi walikuwa pneumokoka, wanaosababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kila mara dawa ilimwinua, na baada ya muda akarudi kitandani. Bruton alijaribu kumchanja dhidi ya bakteria walewale waliomsumbua, akatafuta kingamwili katika seramu yake, asizione. Kisha seramu ikapitishwa kwenye chombo cha umeme, na pale ambapo fungu la gamaglobulini lilipaswa kuonekana hapakuwa na kitu. Yaliyofuata ndiyo yanayoifanya habari hii kuwa ushahidi na si bahati tu: Bruton alimdunga mtoto gamaglobulini ya watu wengine kila mwezi, na kwa zaidi ya mwaka mmoja maambukizi ya damu yakakoma. Kitu kilikosekana, ugonjwa ukaja. Kitu kilirudishwa, ugonjwa ukaondoka. Ripoti yake ya 1952 ilikuwa fupi. Watu wa seramu wangeweza kusema basi, kesi imekwisha.

Haikuwa imekwisha, na waliokataa kuifunga ni watoto wengine wa aina hiyohiyo walioanza kutambuliwa katika hospitali mbalimbali. Waliteswa na bakteria wanaotoa usaha, katika mapafu, masikio na viungo vya mwili, lakini wengi wao waliugua surua na tetekuwanga wakapona kama watoto wengine. Walipogusana na kifua kikuu, ngozi yao iliweza kuvimba kwa kipimo cha tuberkulini kama ngozi ya mtu yeyote. Ikiwa kingamwili ndizo kinga yote, haya hayakuwezekana. Kulikuwa na kitu kingine ndani ya miili hiyo kinachotambua virusi na kinachokumbuka kifua kikuu, kitu ambacho hakikuwa katika seramu. Robert Good wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake waligundua jambo jingine tena: watoto hawa walikosa pia chembe za plazma, ambazo Astrid Fagraeus wa Stockholm alikuwa amezihusisha na utengenezaji wa kingamwili mwaka 1948. Kwa hiyo ugonjwa uliopewa jina la upungufu wa gamaglobulini ulikuwa, ukiuchimba, upungufu wa chembe. Wakati huo hakuna aliyejua ni hatua gani hasa ya ukuaji wa chembe hizo iliyokwama.

Upande wa pili wa ushahidi ulikuwa Uswisi, na ulitangulia kwa miaka miwili bila kueleweka. Mwaka 1950 Eduard Glanzmann na Paul Riniker wa Bern walieleza habari za watoto wachanga waliokonda kwa kuhara, vinywa vyao vikiwa vimefunikwa na utando mweupe wa fangasi usiosikia dawa, wakafa kabla hawajatambaa vizuri. Katika damu yao limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe, zilikuwa chache mno. Baadaye Walter Hitzig na wenzake walionyesha kwamba watoto wa namna hiyo walikosa kingamwili pia, lakini kuwapa gamaglobulini hakukuwaokoa. Tofauti kati yao na mvulana wa Washington ni nzito. Yeye alidungwa fungu la seramu akaendelea kuishi. Hawa walidungwa fungu lilelile wakafa, wengi kabla ya kutimiza miaka miwili. Wengine walikufa kwa chanjo za ndui au za kifua kikuu (BCG) walizopewa kwa nia njema, kwa kuwa vimelea hai vilivyodhoofishwa, ambavyo mwili wa kawaida huvizuia kwa urahisi, havikupata wa kuvizuia.

Hapa msomaji anaweza kunikatiza. Je, si kuku na panya waliogundua kwamba kuna aina mbili za limfosaiti? Pingamizi hili lina msingi. Mwaka 1956 Bruce Glick wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alichapisha, katika jarida la wataalamu wa kuku, kwamba kuku walioondolewa bursa, kifuko kidogo karibu na tundu la haja, wakiwa vifaranga, hawakuweza kutengeneza kingamwili. Jambo hilo lilijulikana kwa bahati, mwenzake Timothy Chang alipoazima kuku hao kwa ajili ya somo darasani. Mwaka 1961 Jacques Miller, akifanya kazi London, aliripoti kwamba panya walioondolewa tezi ya thaimasi mara tu baada ya kuzaliwa walipungukiwa limfosaiti, na walishindwa kuikataa ngozi waliyopandikizwa kutoka kwa panya wengine. Hakuna kati ya wawili hao aliyekuwa akimfuata mgonjwa, na ugunduzi wao ni wao.

Lakini angalia ni nani aliyeviunganisha vipande hivyo na kwa nini. Good alikuwa ameanza kuifikiria thaimasi tangu miaka ya 1950 kwa sababu ya mgonjwa mtu mzima mwenye uvimbe wa tezi hiyo na upungufu wa gamaglobulini. Kijana aliyejiunga naye Minnesota, Max Cooper, alisukumwa na kumbukumbu za wavulana wenye ugonjwa wa Wiskott-Aldrich: walishindwa vibaya na virusi vya malengelenge na limfosaiti zao zilikuwa zimepungua, lakini chembe za plazma na kingamwili zilikuwapo. Cooper aliona kwamba hawa ni kinyume cha watoto wa Bruton, na kwamba kinyume hicho hakiwezekani ikiwa limfosaiti zote ni za ukoo mmoja. Ndipo alipowaendea kuku. Aliwaondolea baadhi ya vifaranga bursa na wengine thaimasi, akawapiga mionzi ili kufuta chembe zilizokwisha kutawanyika mwilini, na mwaka 1965 yeye, Raymond Peterson na Good wakachapisha matokeo: bila bursa hakuna chembe za plazma wala kingamwili, bila thaimasi limfosaiti hupungua na nguvu ya kukataa ngozi ngeni hudhoofika, huku chembe za plazma zikibaki. Kuku alithibitisha, wavulana ndio waliompeleka Cooper kwa kuku. Na katika mwaka huohuo wa 1965 Angelo DiGeorge wa Philadelphia alitambulisha watoto waliozaliwa bila thaimasi, wenye kingamwili lakini wasio na ile kinga nyingine. Yale ambayo kuku alitendewa kwa kisu, watoto hao walizaliwa nayo. Tangu hapo limfosaiti za njia ya bursa, ambazo kwa binadamu hutoka katika uboho wa mifupa, zikajulikana kama chembe B, na zile za thaimasi kama chembe T.

Ujuzi huo haukubaki vitabuni. Mwaka 1968 kundi la Good lilimpandikiza mtoto mchanga wa kiume uboho wa dada yake. Mtoto huyo alikuwa na ugonjwa kama wa watoto wa Uswisi, na wavulana wengi wa ukoo wake wa kikeni walikuwa wameshakufa kwa ugonjwa huohuo. Alipona. Hapa ndipo ninapolijibu pingamizi zito kuliko yote, kwamba ni ukatili kuwaita watoto wanaokufa ushahidi. Ni kweli kwamba wengi wao walitoa mafunzo ambayo wao wenyewe hawakunufaika nayo, na waliokufa kwa chanjo walilipa gharama ya ujinga wa wakati wao. Lakini kutosimulia kwamba elimu hii ilitoka kwao ni kuwanyima hata kile kidogo walichokiacha. Jina la Bruton limebaki katika ugonjwa ule. Mvulana wake hatajwi.

Kufikia miaka ya mwisho ya 1960 ilionekana kana kwamba urithi wa Metchnikoff umekwenda wote kwa limfosaiti, na zile chembe zake zinazomeza ni watumishi wa ngazi ya chini. Pengo la tatu lilizirudishia heshima. Tangu 1957 madaktari wa Minnesota walikuwa wameeleza habari za wavulana wenye majipu yasiyokwisha katika tezi, ini na mapafu. Damu yao ilikuwa na chembe nyeupe tele na gamaglobulini nyingi kupita kiasi, yaani walikuwa na kila kitu ambacho nadharia ya wakati ule ilikitaka, na bado walikufa. Miaka kumi baadaye jibu lilipatikana kwa kutazama chembe zenyewe zikifanya kazi: zilimeza bakteria kama kawaida, lakini hazikuwaua, kwa sababu hazikuweza kuzalisha zile kemikali kali za oksijeni ambazo chembe nzima humwagia kilichomezwa. Ajabu ni kwamba wavulana hawa hawasumbuliwi sana na pneumokoka, wale waliomwandama mtoto wa Bruton, kwa kuwa bakteria hao hujitengenezea wenyewe peroksidi inayowaua wakiwa wamefungiwa ndani ya chembe. Basi ukimwuliza mtoto mmoja ni nini kinacholinda dhidi ya bakteria atakujibu kingamwili, na mwingine atakujibu chembe, na wote wawili watakuwa wakisema kweli juu ya bakteria tofauti.

Jambo hili linanileta kwenye pingamizi la mwisho la kisayansi: magonjwa haya ni adimu, na mwili ulioishi na pengo tangu tumboni si mwili wa kawaida uliopunguziwa kitu kimoja. Nakubali, na historia yenyewe imewaadhibu waliosahau. Kwa sababu watoto wasio na kingamwili walipona surua, wengi walitangaza kwamba kingamwili hazina kazi dhidi ya virusi. Kisha ikaonekana kwamba watoto haohao hupooza kwa polio, hata ile ya chanjo ya matone, na hufa polepole kwa virusi vingine vya utumbo vinavyoingia kwenye ubongo. Hukumu ilikuwa pana kuliko ushahidi. Vivyo hivyo kuna wavulana waliohesabiwa kwa miongo mitatu kuwa na ugonjwa wa kingamwili, kwa sababu wanatengeneza aina moja tu ya mwanzo, IgM, na kukosa nyinginezo. Mwaka 1993 ikathibitika kwamba chembe B zao ni nzima kabisa, na kasoro iko katika chembe T, ambazo hazina protini ya kuziambia chembe B zibadili aina. Mwaka huohuo jeni ya ugonjwa wa Bruton ilipatikana na makundi mawili, na ikaeleza kilichokwama: chembe B hushindwa kukomaa ndani ya uboho. Pengo linafundisha vizuri pale tu linapolinganishwa na mapengo mengine. Tukio moja adimu linadanganya kirahisi. Matano yanayopingana hayaachi nafasi kubwa ya kudanganya.

Mtihani mkubwa wa elimu hii ulikuja mwaka 1981, na haukuwa adimu. Mwezi Juni iliripotiwa kutoka Los Angeles kwamba wanaume vijana watano walikuwa na nimonia ya Pneumocystis, kimelea ambacho madaktari walikifahamu kwa watoto waliozaliwa bila chembe T na kwa wagonjwa waliodhoofishwa na dawa za saratani. Huko Atlanta kilichowashtua wahusika ni maombi yasiyo ya kawaida ya pentamidini, dawa iliyotumika Afrika kutibu malale na ambayo Marekani ilitolewa na ofisi moja tu ya serikali, iliyokuwa mjini humo, kwa wagonjwa kama hao wachache. Michael Gottlieb na wenzake walipozihesabu limfosaiti za wagonjwa wao, waliona kwamba aina moja ya chembe T, zile za kusaidia zinazotambulika kwa alama ya CD4, zilikuwa zimekaribia kutoweka. Kingamwili zilikuwa nyingi katika damu yao. Mtu wa mwaka 1940 angepima seramu hiyo akasema kinga iko imara. Kilichowezesha ugonjwa ule kueleweka kwa kasi ni miaka 30 ya watoto wa Bern, wa Washington, wa Minnesota na wa Philadelphia. Mwaka 1983 virusi vya ugonjwa huo, yaani virusi vya UKIMWI (VVU), vilitambuliwa Paris katika Taasisi ya Pasteur, na mwaka huohuo wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa Kagera. Ng'ambo ya mpaka, Rakai nchini Uganda, David Serwadda na wenzake walieleza mwaka 1985 ugonjwa wa kukonda ambao wananchi walikuwa wameshauita Slim. Hesabu ya CD4, iliyokuja kuamua kwa miaka mingi nani aanze dawa katika kliniki za Afrika Mashariki, ni mjukuu wa moja kwa moja wa vifaranga wa Cooper na wavulana waliomsukuma kuwaendea.

Linabaki swali la watoto waliozaliwa na mapengo haya katika nchi zetu. Hakuna sababu ya kibaolojia ya wao kuwa haba hapa kuliko Uswisi. Mabadiliko ya jeni hayachagui bara, na pale ndugu wa damu wanapooana baadhi ya magonjwa haya huongezeka. Wanaonekana wachache kwa sababu ileile iliyowaficha Ulaya kabla ya penisilini: nimonia na kuhara ni vya kawaida mno kiasi kwamba kifo cha mtoto kwa hivyo hakimshangazi mtu. VVU navyo vimeongeza kivuli, kwa kuwa mtoto mwenye utando wa fangasi na uzito usiopanda hupimwa VVU kwanza, kama inavyostahili, lakini jibu likitoka hana, mara nyingi uchunguzi huishia hapo. Wakati huohuo BCG hutolewa siku za mwanzo za maisha, ambapo hakuna anayeweza kujua kwa macho ni mtoto yupi hana chembe za kuizuia. Jimbo la Wisconsin, Marekani, lilianza mwaka 2008 kupima matone ya damu ya kisigino ya watoto wote wachanga ili kuwatafuta wasio na chembe T, na kipimo hicho kinahitaji maabara ya gharama. Ila Glanzmann hakuwa na maabara hiyo mwaka 1950. Alihesabu limfosaiti. Hesabu hiyo imo katika kipimo cha picha kamili ya damu kinachofanywa leo katika hospitali nyingi za wilaya, na idadi iliyo chini ya takriban 3,000 kwa mikrolita katika miezi ya kwanza ya maisha, ambayo kwa mtu mzima ingepita bila neno, kwa mtoto mchanga ni sababu ya kutosha ya kurudia kipimo na kuahirisha chanjo yoyote yenye vimelea hai hadi ijulikane kama chembe T zake zipo.